Fundi Nijibu: Dirisha jipya likae wapi kwenye ukuta wa matabaka mawili?

SWALI: Habari za kazi fundi. Nyumba yetu iko Coventry, England, ilijengwa miaka ya 1930, tunatoa madirisha ya mbao tunaweka ya plastiki. Anayekuja kuyafunga anasema atasogeza fremu mbele mpaka karibu na uso wa tofali la nje ili nipate sehemu pana ndani ya kuweka maua. Shemeji yangu anasema hapana, irudi palepale pa zamani. Nimsikilize nani?
Mama wawili, Coventry

JIBU: Msikilize shemeji, dada, ila na yeye hajamaliza maneno.

Ukuta wenu sio kama wa kwetu Dar wa tofali moja la inchi sita na plasta basi. Huo ni kuta mbili zimesimama sambamba, ya nje kama milimita 100, katikati pana nafasi ya kama 50 halafu ndo ya ndani. Mvua ya huko inaloanisha tofali la nje mpaka inapenya, inateremkia kwenye ile nafasi na ndani kunabaki kukavu. Sasa pembeni ya dirisha zile kuta mbili zinakutana, kwahiyo wajenzi waliweka DPC ya wima hapo katikati, yaani utepe wa kuzuia unyevu, maji yasivuke.

Akiiweka fremu yote juu ya tofali la nje, plasta yako ya pembeni itabidi ipite DPC ikagusane na tofali lililoloa, na hata pasipoloa patakuwa pa baridi, Januari mkiwa mnapika unaona jasho pembeni ya dirisha halafu fangasi weusi, unapaka rangi wanarudi, unapaka tena wanarudi, hayo maua utayaona machungu.

Kwahiyo fremu ikae imepanda juu ya ile nafasi, iifunike DPC, yaani kwa nyuma iingie walau milimita 30 kupita tofali la nje. Mara nyingi ni palepale la zamani lilipokuwa au limerudi ndani kidogo. Likirudi ndani, kizingiti cha chini kiwe kirefu kitokeze nje ya tofali na kiwe na mfereji kwa chini maji yadondoke, yasirudi ukutani. Na mwambie skrubu ziende kwenye tofali, sio kwenye nafasi tupu halafu anashikilizia na povu la kuziba mianya. Povu halibebi dirisha jamani.

Kingine ambacho ndo kinanitisha zaidi: nyumba za umri huo nyingine hazina linta juu ya dirisha, yaani ile boriti ya kubeba matofali ya juu, matofali yamekalia fremu ya mbao yenyewe, hasa yale madirisha yaliyotokeza nje ya ukuta. Plastiki tupu haitaweza huo mzigo. Achungulie kabla hajang'oa, kama hamna linta basi aegemeze kwanza aweke linta, bei itapanda lakini hapo usibane.

Muulize pia kama kasajiliwa FENSA, ule mpango wa mafundi madirisha wanaoruhusiwa kuthibitisha wenyewe kwamba kazi imefuata kanuni za ujenzi, au mpango kama huo, asipokuwa huko lazima muombe halmashauri kibali cha kanuni za ujenzi, maana siku ya kuuza nyumba wakili wa mnunuzi atadai cheti cha mpango huo au cha halmashauri. Na kama madirisha ya zamani yana vile vitundu vya hewa juu, mapya nayo lazima yawe navyo, sheria ya England tangu Juni 2022.