Mama mgonjwa Arua, wito wa Ufilipino

Ndugu yangu, umeuliza kama ni dhambi kuahirisha umisionari Ufilipino kwa sababu mama yuko Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, anaugua kisukari, na wadogo zako bado wanasoma. Si dhambi. Bwana Yesu akiwa msalabani alimkabidhi mama yake kwa mwanafunzi wake. Soma pia 1 Timotheo 5:8, kwamba asiyewatunza walio wake ameikana imani.

Mimi nilikwenda. Baba akaugua, nikawa natuma pesa ya dawa kwa simu, lakini hakukuwa na wa kumpeleka kliniki. Hilo linaniuma hadi leo.

Kwa hiyo kabla ya tiketi, kaa na dada zako, wajomba na mchungaji, mumtaje kwa jina atakayekaa nyumbani kumtunza mama. Ada za shule za wadogo zako, mihula mitatu ya mwaka, ziingie kwenye bajeti ya kanisa linalokutuma, tangu mwanzo, wala usione haya kuomba. Wakikataa, subiri.

Na kusubiri si kukaa bure. Mwinjilisti Apolo Kivebulaya alitoka Buganda akahubiri katika eneo la Mboga, Kongo, tangu 1896. Wewe mpaka wa Vurra, wa kuingia Kongo, uko karibu. Ng'ambo Kiswahili kinasikika, na jioni unarudi kwa mama.