Vya Mfalme Vilifikaje Pale? Majibu kwa Wasomaji wa Tabora na Kigoma

Maswali ya safari hii karibu yote yanahusu kwenda kuona mali za wafalme na watemi zilizowekwa kwenye vyumba vidogo vya maonyesho, za huku kwetu na za mbali. Yale yanayorudi kila mara nimeyajibu kwa mstari mmoja. Msininunie.

Naenda Uingereza kwenye mahafali ya binti yangu. London nitakuwa na asubuhi moja tu kabla ya ndege. Nasikia pembeni mwa Buckingham kuna nyumba ya sanaa ya mfalme. Inafaa, au nipige picha getini niondoke? (Mama wa Mwanga, Kigoma)

Inafaa, mama, na kwa asubuhi moja inafaa kuliko jumba lenyewe. Kumbi kuu za jumba hufunguliwa hasa majira yao ya joto, na ukiingia humo unatembea sana, unaona dhahabu nyingi, unatoka hukumbuki hata kimoja. Nyumba hiyo ya sanaa, King's Gallery, ni vyumba vichache vyenye onyesho moja lililopangwa. Saa moja na nusu inatosha.

Ilifunguliwa mwaka 1962 mahali palipokuwa na kanisa dogo la jumba lililopigwa bomu wakati wa Vita ya Pili, ikapanuliwa na kufunguliwa upya 2002. Ndugu zako walioko huko huenda bado wanaiita Queen's Gallery. Ni ile ile, jina limebadilika 2024.

Sasa mambo ya kufanya. Kwanza hakikisha kuna onyesho tarehe zako, maana kati ya onyesho moja na jingine nyumba hufungwa, na watu hufika wakakuta mlango umebanwa. Pili, nunua tiketi kwa Royal Collection Trust wenyewe, wasimamizi wa mkusanyiko wa mali za kifalme, si kwa mawakala wa mtandaoni. Tiketi ya kwao, ukikubali bei yake ihesabiwe kama mchango, wahudumu hukugeuzia kuwa ya kuingilia mwaka mzima. Wewe utarudi Kigoma, lakini binti akinunua yake kwa njia hiyo atairudia.

Tatu, saa. Tiketi ina muda wa kuingia. Ikiandikwa 10:30 ni saa nne na nusu asubuhi, si saa kumi na nusu. Mnacheka, lakini swali hili halikosi mtu wa kuliuliza akiwa ameshachelewa. Na mlango wa kuingilia hufungwa zaidi ya saa moja kabla ya nyumba yenyewe kufungwa. Nne, sanduku la safari usiende nalo. Mnakaguliwa kama uwanja wa ndege na mizigo mikubwa hairuhusiwi. Liache stesheni ya Victoria, pana mahali pa kulipia, halafu utembee kama dakika kumi hadi barabara ya Buckingham Gate.

Ukishaingia usianze na picha. Zunguka vyumba vyote haraka bila kusimama, kisha rudi kwenye vitu vitatu tu ulivyovipenda. Na kwa kila kimoja soma mstari wa mwisho wa kibao chake, ule wa maandishi madogo unaosema kilivyopatikana. Huo ndio mstari ambao wengi huuruka.

Taji la mfalme nitaliona humo? (Wengi)

Hapana. Liko Tower of London, upande mwingine kabisa wa jiji, na lina tiketi yake.

Ile almasi ya Mwadui aliyopewa Malkia iko kwenye nyumba hiyo? Kiingilio ni shilingi ngapi? (Msomaji wa Nzega)

Kiingilio hubadilika, na shilingi yetu nayo hubadilika. Tazama kwenye tovuti yao wiki unayosafiri.

Almasi sasa. Jiwe hilo la waridi lilipatikana Mwadui mwaka 1947 likiwa na karati 54.5. Mwenye mgodi, John Williamson, akampa Elizabeth, aliyekuwa anaolewa mwaka huo. Likakatwa London likabaki karati 23.6, yaani zaidi ya nusu ilikwenda na vumbi la mkataji, na mwaka 1953 masonara wa Cartier wakalitia katikati ya bruchi yenye umbo la ua. Ni pambo la kuvaliwa, halikai kabatini likisubiri wageni. Lilionyeshwa Buckingham 2012 kwenye onyesho la almasi. Usifunge safari kwa ajili yake bila kusoma orodha ya vitu vya onyesho husika.

Ila umenipa nafasi. Kibao cha jiwe kama hilo husema "zawadi". Ni kweli ilikuwa zawadi. Lakini aliyetoa ni mwenye mgodi, na aliyechimba hatajwi. Katika mkusanyiko huo huo wa kifalme yupo ndege wa dhahabu na vito, huma, aliyekaa juu ya kiti cha enzi cha Tipu Sultan wa Mysore, India. Tipu aliuawa 1799 ngome yake ilipotekwa na Waingereza, ndege akapelekwa kwa mfalme wao, George wa Tatu. Naye kwenye karatasi ni zawadi. Neno ni moja, ila njia ni mbili zisizofanana hata kidogo, na kazi ya mtazamaji ni kuzitenganisha.

Kwa nini humo ndani kuna kiza? Nililipa hela yangu nikakodoa macho. (Kijana wa Tabora aliyepo masomoni)

Kwa sababu karatasi haiponi. Michoro ya karatasi na ya rangi za maji huwekewa mwanga wa lux 50 hivi (lux ni kipimo cha mwanga). Jua la saa sita la Tabora hufika lux 100,000. Tazama khanga iliyoanikwa uani kila wiki: upindo uliokunjwa ndani bado mwekundu, ulioelekea jua umekuwa wa pinki. Ukiitoa juani rangi hairudi, na kila saa ya mwanga hujumlishwa kwenye zile zilizopita. Ndiyo maana michoro ya Leonardo da Vinci, ambayo mkusanyiko huo una zaidi ya 500, hutolewa kwa muda kisha ikarudishwa gizani kwenye kasri la Windsor. Mwaka 2019, miaka 500 tangu afe, walipeleka michoro 12 katika kila mji kati ya miji 12, kisha ikakusanywa.

Ukiingia kutoka juani, simama mlangoni dakika tano. Macho yatazoea.

Picha zinaruhusiwa?

Bila mwako, bila fimbo ya kujipigia, bila kugeuzia mchoro mgongo dakika kumi wengine wakisubiri. Hili nimelijibu mara ya nne.

Waingereza warudishe kiti cha enzi cha Unyanyembe kilichoko Berlin! (Mzalendo, Tabora)

Ndugu Mzalendo, Berlin ni Ujerumani.

Kuchanganya namna hii ndiko kunakofanya madai yetu yasisikilizwe, kwa hiyo nitakawia kidogo. Kiti kirefu cha miguu mitatu, chenye umbo la mtu lililochongwa mgongoni, kilitoka Buruku huku Unyanyembe, na kiko kwenye makumbusho ya ethnolojia ya Berlin. Kiliondoka zama za Wajerumani, miaka michache baada ya Januari 1893, Mtemi Isike alipojilipua kwa baruti ndani ya boma lake kuliko kukamatwa. Huyo unamdai Mjerumani, na unayezungumza naye ni makumbusho ya umma.

Mkusanyiko wa kifalme wa Uingereza ni jambo jingine. Mfalme anaushika kwa niaba ya warithi wake na taifa, hawezi kuuza akitaka. Na uliwahi kuuzwa kweli: Mfalme Charles wa Kwanza alipokatwa kichwa 1649, serikali mpya iliuza michoro yake kulipa madeni, hata fundi wake wa mabomba akalipwa kwa mchoro.

Kurudishwa kunawezekana. Fuvu la Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, liliandikwa kwenye Mkataba wa Versailles wa 1919, likafika Kalenga, Iringa, 1954. Miaka 35, na lilikuwa limetajwa kwa jina. Anayedai sharti aseme ni kitu gani, kimetoka wapi, kiko kwa nani.

Nimerithi kiti cha babu aliyekuwa mwanangwa (mkuu wa kijiji chini ya mtemi), kibangwa chake, na ngozi ya simba. Nataka nivipige vanishi nivipange sebuleni, wageni waone. (Urambo)

Weka brashi chini kwanza, tena hiyo ngozi ndiyo ya kuanza nayo. Ngozi ya simba, kucha zake, na pembe ya ndovu ni nyara za serikali kwa sheria ya wanyamapori ya 2009. Kuwa nazo bila kibali ni kosa, hata kama zilikuwepo kabla hujazaliwa. Nenda ofisi ya wanyamapori ya wilaya ukaulize hatua, ukiongozana na mzee wa ukoo anayejua historia yake. Usiipige picha ukairusha kwenye magrupu.

Kiti: vanishi hapana, mafuta ya alizeti hapana. Ule weusi unaong'aa mahali pa kukalia na kwenye ncha za mgongo umetokana na mikono na jasho la miaka mingi, na ndio ushahidi wako. Vanishi huufunika, mafuta hunata vumbi. Tumia brashi laini kavu tu. Ukiona unga laini unadondoka chini ya miguu, ni fukusi. Funga kiti kwa nailoni nzito mara mbili, toa hewa, ziba kwa utepe wa gundi, kisha kiingie friza la nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Umeme ukikatika kiasi cha barafu kuyeyuka, anza kuhesabu upya. Kikitoka, usifungue nailoni kwa siku nzima, la sivyo umande utaganda juu ya mbao na kuzipasua. Ngoma yenye ngozi iliyowambwa usiigandishe, wala pembe.

Kibangwa ni kipande cha gamba la konokono wa bahari, kilichopanda kutoka pwani na misafara. Gamba ni chokaa, kwa hiyo limao au siki vinalila huku unatazama. Usilifungie pia ndani ya sanduku la mbao mbichi, kwani mvuke wake huotesha unga mweupe juu ya gamba. Kitambaa cha pamba kilichofuliwa bila sabuni ya harufu kinatosha.

Na akija mtu mwenye gari zuri anayenunua "vitu vya kale", kumbuka Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964: kuvitoa nje bila kibali ni kosa. Kabla hajafika wa pili, andika kwenye daftari nani alikikalia, alikipata wapi, nani alikuachia. Kiti kisicho na maelezo hayo ni kigoda.

Kwihara kuna vitu vya watemi? (Msomaji wa Kaliua)

Hakuna, usiende kwa hilo. Ni tembe walimokaa Stanley na Livingstone, lililojengwa upya 1957, na linafaa kwa habari za misafara. Ukitaka ya watemi panda basi la Mwanza, shuka, chukua gari la Kisesa barabara ya Musoma, halafu bodaboda hadi makumbusho ya Wasukuma ya Bujora. Banda la watemi la hapo limejengwa kwa umbo la kiti cha enzi, na ndani zimo ngoma za tawala zao. Lipia mwongozo, kwa sababu bila yeye utaona ngoma zinazofanana tu. Usipige hata kwa kucha, kwani hizo si za harusi.

Mtoto wa miaka saba atavumilia nyumba ya sanaa? (Ujiji)

Dakika arobaini. Mpe kitu kimoja cha kutafuta: mbwa. Wafalme wa Ulaya walipenda kuchorwa nao, na mchoraji Van Dyck alipowachora watoto watano wa Charles wa Kwanza 1637 aliweka katikati jibwa kubwa kuliko baadhi yao. Bujora mwache ahesabu ngoma.