"Bwana Alisimama Nami", Lakini "Jitahidi Kuja Upesi": Ushauri kwa Aliye Peke Yake

Mkristo akisema kwamba yuko mpweke, mara nyingi hujibiwa haraka kuwa mwenye Yesu hawezi kuwa mpweke. Jibu hilo nimepewa na watu wenye nia njema, baadhi yao watumishi wa madhabahuni, na sijaona likimsaidia mtu. Aliyekuwa na mzigo mmoja huongezewa wa pili, yaani wasiwasi kwamba huenda imani yake ina kasoro. Ninaandika kwa ajili ya mtu wa namna hiyo: mtumishi wa umma aliyepangiwa kituo cha mbali, mjane ambaye waombolezaji wameshatawanyika, mgonjwa wa muda mrefu ambaye simu yake imeacha kuita.

Mimi nilikuwa mtumishi wa kituo cha mbali. Nililelewa Machame katika familia ya Kilutheri, nikapata ajira ya ualimu katika kijiji kimoja cha wilaya ya Liwale, mkoani Lindi, ambako masika yakishika hakuna anayeweza kukuahidi siku ya kufika. Wenyeji wengi ni Waislamu, watoto wakitoka darasani huzungumza Kingindo, mtandao ulipatikana chini ya mkorosho mmoja tu nyuma ya ofisi ya kijiji, na kanisa lilikuwa mbali kiasi kwamba Jumapili ilipita kama Jumanne. Hakuna aliyenitendea ubaya, na hilo ndilo lililofanya hali yangu iwe ngumu kuieleza, kwa kuwa niliona haya kulalamika katikati ya watu walioniamkia kwa heshima kila asubuhi.

Kilichonisaidia kwanza ni sura ya nne ya Waraka wa Pili kwa Timotheo, ambayo watu wengi huisoma hadi pale Paulo anaposema amevipiga vita vilivyo vizuri, kisha wakaiacha. Endelea kuisoma. Paulo yuko kifungoni, Dema amemwacha, wengine wametawanyika, na Luka peke yake ndiye aliye pamoja naye. Anasema kwamba katika jawabu lake la kwanza, yaani alipojitetea mahakamani mara ya kwanza, hakuna mtu aliyesimama upande wake, "lakini Bwana alisimama pamoja nami akanitia nguvu." Ushuhuda huo ungemtosha mhubiri yeyote wa leo kufunga mahubiri. Hata hivyo, katika sura hiyohiyo Paulo anamsihi Timotheo ajitahidi kuja upesi, tena kabla ya wakati wa baridi, amchukue Marko njiani, na amletee joho alilomwachia Karpo huko Troa, pamoja na vitabu, hasa vile vya ngozi. Mtume aliyesimamiwa na Bwana bado anamhitaji Timotheo, bado anasikia baridi, na haoni haya kusema hivyo. Bwana wetu mwenyewe, pale Gethsemane, aliwaambia wanafunzi watatu, "kaeni hapa, mkeshe pamoja nami."

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni kwamba umwambie Mungu hali ilivyo, bila kuipamba. Zaburi ya 88 inaishia gizani, haina hata mstari mmoja wa shukrani wa kufungia, na bado imo katika Biblia kama sala halali. Nilikuwa nikiisoma kwa sauti jioni, mlango ukiwa umefungwa, maana mtu anayeishi peke yake anaweza kumaliza mwisho wa juma mzima bila kusikia sauti yake mwenyewe. Sikupata faraja ya papo hapo, wala sitakuahidi hiyo. Nilichopata ni mahali pa kuyaweka maneno ambayo ningeyabeba hadi usiku wa manane.

Ushauri wa pili ni mgumu zaidi: muombe mtu, kwa jina lake, jambo mahususi, na muda wake. Timotheo hakuandikiwa "mnikumbuke katika maombi" peke yake. Nilimwandikia ujumbe muuguzi wa zahanati ya kijiji cha jirani, Mkatoliki ambaye tulikuwa tumesalimiana mara moja tu mnadani, nikamuuliza kama angekubali tusome Neno pamoja siku ya Jumatano baada ya kazi. Alijibu kwamba alikuwa akitafuta mtu wa kusali naye tangu aripoti kazini. Baadaye bwana shamba, ambaye ni Mwanglikana, alijiunga nasi na mkewe, tukawa na jumuiya ndogo ambayo ingewapa shida makatibu wa madhehebu yote matatu. Tuliimba nyimbo tulizozijua wote, na tulipokosana juu ya beti, kila mmoja aliimba za kwao.

Usidhani pia kwamba Mungu hutumia waumini wenzako pekee. Jirani yangu, mama mmoja wa makamo, alipoona sijafungua dirisha hadi saa nne siku ya mapumziko, alibisha hodi na kuniuliza, "Mwalimu, umeamkaje? Umekula?" Mwezi wa Ramadhani ulipofika, jua likizama, alimtuma mwanawe aniletee bakuli la uji wa pilipili manga na mihogo ya nazi, nami nikajifunza kurudisha bakuli likiwa na kitu ndani. Eliya alipoketi chini ya mretemu akiomba afe, kitu cha kwanza alichopewa na malaika kilikuwa mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji, kisha akaachwa alale tena. Mazungumzo yalifuata baadaye kabisa.

Nitoe tahadhari moja. Mtu mpweke ni windo rahisi la wahubiri wa mitandaoni wanaoahidi kukufungua kwa sadaka inayotumwa kwa simu. Ibada ya redioni au ya mtandaoni inafaa sana pale ambapo hakuna kanisa, lakini mhubiri asiyejua jina lako hawezi kuona kwamba hujafungua dirisha.

Na ikiwa ombi lako limefikia kuwa kama lile la Eliya, yaani unatamani kufa, usiishie kwenye maombi. Mwambie mtu mmoja leo, nenda zahanati au hospitali, useme waziwazi kama ambavyo ungesema una homa, na umuombe uliyemwambia akusindikize na kukaa nawe usiku huo.