Hedifoni yako haijafa, ina mume mwingine

Mwezi huu maswali yenu karibu yote yameangukia kwenye hedifoni na eapodi, na wala sishangai, panda mwendokasi pale Kimara saa kumi na mbili asubuhi uone, kila mtu ana vidude masikioni, mtu anakukanyaga unamwambia kaka mguu wangu huo, hasikii. Nimechagua machache, mengine yanafanana sana ukisoma la mwenzio utakuta na lako limo.

Anko habari za kazi. Nilinunua eapodi Kariakoo kwa 25,000, muuzaji akazijaribu palepale kwa simu yake mziki ukapiga safi kabisa. Nikafika home Mbagala simu yangu haina chaji nikaweka kwenye ya mdogo wangu, zikakubali. Kesho yake nataka kuziweka kwenye simu yangu hazionekani, nimezima nimewasha, nimerestati simu, wapi. Nikarudi dukani naambiwa mali ikishatoka hairudi. Hapa nimepigwa? (Kijana wa Mbagala)

Hujapigwa mdogo wangu, au tuseme hujapigwa kwenye hili.

Ngoja nianze na neno. Kama simu yako ya Android umeiweka Kiswahili, ingia Mipangilio, halafu Vifaa vilivyounganishwa, utakuta pameandikwa Oanisha kifaa kipya. Watu wengi wanalipita hilo neno wanaona ni Kiswahili cha kwenye kamusi tu, mi nasema aliyelichagua alijua anafanya nini, maana ndani yake kuna kuoana. Simu na eapodi zikioana zinapeana ufunguo wa siri, kila mmoja anauweka kwake, ndo maana shughuli hiyo unaifanya mara moja tu na kesho ukifungua kikasha chake cha kuchajia zinaenda zenyewe kwa mwenyewe bila kuuliza mtu. Kuoana ni siku moja, kukutana ni kila siku. Ukishatenganisha hayo mawili kichwani, nusu ya matatizo ya hedifoni umeshayamaliza.

Sasa zako zimeolewa na simu ya dogo. Wewe upo chumbani umefungua kikasha unahangaika, dogo yupo sebuleni hana hata habari, simu yake Bluetooth iko on mfukoni, zikitoka tu zinamkimbilia yeye. Na nyingi zikishashikwa na simu moja zinaacha kujitangaza kwa wengine, kwahiyo simu yako itatafuta mpaka asubuhi haitaona kitu, wewe unasema zimekufa kumbe zipo kwa mtu.

Chukua simu ya dogo, ingia Bluetooth, gusa jina la hizo eapodi, bonyeza Sahau. Hiyo ndo talaka. Kama dogo anagoma basi azime tu Bluetooth kwa dakika mbili. Halafu rudi kwenye eapodi zenyewe, na hapa ndipo wengi mnapokwama: kuwaka siyo kutafuta. Kikasha kikiwa na kibatani, kishikilie huku eapodi zikiwa ndani na mfuniko uko wazi. Kama hakina, na nyingi za bei hiyo hakina, zitoe zote mbili weka kidole juu ya kila moja ukae nacho, sekunde tano mpaka kumi hivi, usikimbilie kutoa, mpaka taa ianze kupepesa harakaharaka. Nyingi zinapokezana nyekundu na bluu, zingine nyeupe tupu. Taa ikipepesa mara moja moja kwa uvivu hiyo haitafuti mchumba, imewaka tu. Ikishapepesa vizuri ndo unabonyeza Oanisha kifaa kipya kwenye simu yako unasubiri jina.

Jina lenyewe usitegemee lifanane na la kwenye boksi, nimeshaona boksi limeandikwa hivi na kwenye simu likaja lingine kabisa. Zikiomba namba ya siri, hasa za kizamani, jaribu 0000, ikikataa 1234. Na fanya hii kazi nyumbani, usiifanye ndani ya daladala, utaletewa orodha ya majina ya watu wote walioko humo na tivii ya bar mnayopita karibu nayo.

Siku nyingine ukienda kununua usikubali kujaribiwa kwa simu ya muuzaji. Mwambie bosi kata kwako, weka kwangu. Ikigoma hapohapo dukani unabadilishiwa, ikigomea Mbagala umeshasikia jibu.

Habari. Eapodi yangu ya kushoto imekaa kimya wiki ya pili sasa, ya kulia inapiga kama kawaida. Fundi ananiambia imeungua ninunue nyingine. Nipe ushauri kabla sijatoa hela. (Dada, Gongo la Mboto)

Dada shika hela yako kwanza. Hili lilinikuta mimi mwenyewe, fundi mmoja, mtaa siutaji, alinichaji 10,000 akaniambia amei-flashi, nilivyorudi nyumbani ikapiga siku mbili ikanyamaza tena. Nikakaa chini mchana kuna joto umeme umekatika sina cha kufanya, nikachukua tochi nikamulika ndani ya kikasha. Upande wa kulia vile vinati viwili vidogo vya rangi ya shaba vinang'aa. Upande wa kushoto vimefunikwa na kitu kama nta, cheusi cheusi, yani uchafu wa sikio langu mwenyewe na vumbi la mfukoni. Kwahiyo kila usiku nikidhani nachaji mbili kumbe inachaji moja.

Pamba ya masikio, spirit kidogo sana, tone tu, futa vile vinati na vile vidoti chini ya eapodi yenyewe, acha ikauke. Halafu angalia ile nyavu inapotokea sauti, ikiwa imeziba sauti inakuwa ndogo mpaka unaona kama imekufa. Hapo tumia mswaki mkavu laini huku eapodi ukiigeuzia chini ili uchafu udondoke, usichokonoe na sindano utasukuma uchafu ndani.

Ikichaji vizuri na bado kimya basi zenyewe kwa zenyewe zimeachana, maana eapodi nazo zinaoana, kushoto na kulia, kabla hata hazijaenda kwenye simu. Sahau kwenye simu, zitoe zote mbili, zishikilie kwa pamoja muda mrefu zaidi ya kawaida, sekunde kumi na tano au ishirini, zitajizima zijiwashe zitafutane, taa ya moja ikizimika na nyingine ikabaki inapepesa ujue zimepatana, hapo ndo uilete simu. Namna ya kuziriseti, yani kuzianzisha upya, inatofautiana kwa aina, kile kikaratasi cha ndani ya boksi ambacho wote tunatupa ndo kina jibu. Kosa lingine ni kwenye orodha ya simu kukuta jina limekuja mara mbili, mtu akagusa moja akaridhika, akabaki na sikio moja.

Mkuu mimi ni boda, kijiwe chetu Sinza. Simu naweka mfuko wa nyuma wa suruali, nikiwa naendesha mziki unakatakata, nikisimama unatulia. Ni mtandao? (Boda wa Sinza)

Siyo mtandao, ni makalio yako mkuu, samahani kwa lugha. Bluetooth inatumia masafa ya 2.4 GHz, na masafa hayo yanazuiwa sana na maji, na binadamu ni dumu la maji linalotembea. Simu ipo nyuma umeikalia, sikio lipo juu, katikati kuna mwili mzima. Ukiwa ndani mawimbi yanadunda ukutani yanakufikia kwa kuzunguka, ukiwa barabarani hakuna ukuta. Hamishia simu mfuko wa kifuani na utaona tofauti.

Masafa hayohayo ndo ya WiFi na maikrowevu, kwahiyo pale Posta kwenye maofisi yaliyobanana kila ghorofa ina WiFi yake, kukatakata kidogo ni kawaida. Bluetooth inajitetea kwa kurukaruka, kwa mfumo wake wa kawaida wa muziki inaruka mara 1,600 kwa sekunde kwenye chaneli 79, ikikuta kelele hapa inahamia kule.

Ila mkuu masikio yote mawili yamezibwa na nyuma yako kuna lori? Acha moja nyumbani.

Mwanangu, nimenunuliwa hedifoni kubwa na binti yangu. Nyimbo za kwaya nasikia vizuri, lakini simu ikipigwa sauti inatokea kwenye simu, mpaka nizivue. Halafu mara moja moja ikikubali sauti inakuwa mbaya kama redio ya betri zilizoisha. (Mama, Tabata)

Shikamoo mama. Kwenye simu nenda kwenye jina la hiyo hedifoni, pembeni kuna alama ya gia, iguse. Humo kuna swichi mbili, moja ya kupiga simu na moja ya muziki, ya simu itakuwa imezimwa, iwashe. Na simu ikiita, kwenye kioo wakati unaongea kuna alama ya spika, ukiigusa inakuuliza sauti itokee wapi, chagua hedifoni.

Hiyo ya sauti kuwa mbaya mama usimlaumu binti. Muziki unakuja njia moja tu, kutoka kwenye simu kwenda masikioni, una barabara pana. Ukianza kuongea maiki inawaka, sasa sauti inaenda na kurudi kwenye njia nyembamba ya mfumo wa simu, hapo ubora unashuka hata kwa hedifoni za bei mbaya. Ukikata simu kwaya inarudi kama ilivyokuwa.

Kijana, nimefundisha Kiingereza mpaka nimestaafu, hii Bluetooth ni jino la bluu, jino la nani? (Mwalimu mstaafu, Kigamboni)

Shikamoo mwalimu. Jino la mfalme. Harald wa Denmark, wa karne ya 10, jina lake la utani ndo hilo, na sifa yake ni kuwaunganisha watu waliokuwa hawaelewani. Mwaka 1997 Jim Kardach wa Intel akapendekeza jina hilo litumike kwa muda tu, kampuni zilivyokuwa zinakaa pamoja kutengeneza hii teknolojia, likaganda mpaka leo. Ile alama nayo ni herufi H na B za maandishi yao ya kale zimepandanishwa.

Nikicheza gemu sauti ya risasi inachelewa, lakini nikiangalia video midomo inaenda sawa. Inakuaje? (Mwanafunzi, Ubungo)

Sauti ya Bluetooth inachelewa siku zote, inabanwa kwenye simu, inarushwa, inafunguliwa sikioni. Programu ya video inajua hivyo, inaichelewesha picha makusudi ili iendane na sauti. Gemu haiwezi kukusubirisha, ukibonyeza inabidi ufyatue sasa hivi. Eapodi zingine zina modi ya gemu, unagonga mara tatu hivi, inapunguza kuchelewa ila haimalizi. Ukitaka ushindi wa kweli rudi kwenye earphone za waya za 3,000, wala usione aibu.

Kaka nimeachiwa AirPods, zile eapodi za Apple, na shemeji aliyehamia simu nyingine, mimi natumia Android. Zitakubali au niziuze? (Msomaji, Mwenge)

Zinakubali. Kama ni zile zenye kibatani nyuma ya kikasha, ziache ndani, fungua mfuniko, kibonyeze mpaka taa ipepese nyeupe, tafuta kwenye simu kama hedifoni nyingine yoyote. Utakosa mbwembwe, mfano ile ya kuvua sikioni mziki ukasimama wenyewe, sauti ni ileile. Ila mwambie kwanza shemeji aziondoe kwenye akaunti yake, asije akaanza kuzitafuta kwenye ramani akakuta zipo Mwenge kwa shemeji yake.