Jibu: Mama anahema akitembea kidogo, apumzike au afanye mazoezi?

Salaam mkuu. Umeuliza kama mama, mwenye mapafu yaliyochakaa kwa moshi wa kuni, akae tu, maana akifika bombani tayari anahema. Atembee. Ila kwanza mwangalie anavyotumia pampu ya kuvuta dawa kwa mdomo: mzee wangu miezi mizima dawa ilikuwa inaishia mdomoni, sisi tunalaumu baridi.

Tulipomrekebisha, tukaanza mlangoni hadi kwenye mwembe, mara 2, siku 5 kwa wiki, pampu ya salbutamol (dawa ya kufungua njia za hewa) dakika 15 kabla. Avute hewa kwa pua, aitoe taratibu kama anapoza chai. Kuhema ruksa, mradi aweze kukujibu maneno mawili matatu. Kifua kikibana au akipata kizunguzungu, asimame hapohapo.

Mapafu hayakupona, kipimo cha kupuliza kilibaki vilevile. Kilichopata nguvu ni miguu. Kliniki walimpima mwendo wa dakika 6: mita 210, baada ya wiki 8 mita 265. Sasa anaoga bila kigoda. Alipoacha wiki 2 kwa mafua, alirudi nyuma sana.

Hiyo miguu kuvimba uliyoitaja, mimi si daktari. Moyo upimwe kabla hajaanza.