Dogo, hilo jina ni la nani?

Juzi gerejini nilimkuta dogo akihamishia herufi za grafiti ubavuni mwa nganya, yaani matatu ya mapambo, kopo la rangi ya kupuliza mkono wa kulia, simu yenye picha mkono wa kushoto. Mistari safi kabisa. Nikamuuliza, "Hapo umeandika nini?" Akacheka, akakuna kichwa: "Ni staili tu, mkubwa."

Nilitaka kumzaba kofi na kumkumbatia papo hapo. Basi wadogo zangu, sikilizeni, nimechoka kurudia.

1. Jina kwanza. Kabla ya nyuso za wanamuziki, mataji na mishale, kulikuwa na jina tu. Philadelphia, miaka ya 1960, mchoraji aliyejiita Cornbread alijaza kuta jina lake. Gazeti lilipotangaza kimakosa kwamba amekufa, akaingia bustani ya wanyama akamwandika tembo ubavuni, watu wajue yu hai. New York akatokea TAKI 183, kijana tarishi aliyeacha jina kila alikotumwa. Julai 1971 The New York Times likamwandika, na waigaji wakafumka kama kumbikumbi. Ile 183 ni namba ya mtaa aliokaa. Si pambo. Shikeni hilo, maana hapo ndipo nilipozama.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na karatasi ya fotokopi yenye picha ya treni ya New York, herufi zimesukwa hadi hazisomeki. Mdosi akanipa bodi zima. Nikakesha siku tatu, njano na zambarau, nikinakili kila pindo, mpaka na zile tarakimu ndogo za pembeni, nikidhani ni nakshi. Asubuhi ya makabidhiano akapita mchoraji mkongwe, akainamisha kichwa, akasoma polepole. Kisha akauliza kwa sauti, mafundi wote wakisikia: "Huyu jamaa wa New York anakulipa shilingi ngapi kumtangazia Nairobi?" Nilikuwa nimeandika jina la mtu na namba ya mtaa wake! Mdosi akaamuru nifute. Malipo yangu yote yaliishia kwenye praima, ile rangi ya kufunikia. Yupo makanga ambaye hadi leo ananiita kwa namba ile, tena mbele ya watoto wangu.

2. Badilisha kepi, kile kichwa cha kopo kinachopuliza rangi, kabla haijaziba. Vaa maski, mapafu hayana spea.

3. Usipitishe rangi juu ya kazi ya mwenzio, hasa ukuta wa kumkumbuka marehemu.

4. Kuiga si dhambi, ila iga njia. Picha za treni za New York za wapiga picha Martha Cooper na Henry Chalfant zilitoka kitabuni 1984, na vijana wa Ulaya wakazisoma kama msahafu. Mei 1989 New York iliondoa relini treni yake ya mwisho iliyochorwa, lakini wakati huo mchezo ulishavuka bahari zamani. Waliodumu London, Paris na Berlin ni wale waliochukua ule msuko wakausukia majina yao wenyewe. Sisi hatukuwa na treni za kuchora; tulikuwa na matatu, tena zinafika mpaka mlangoni kwa watu.

5. Daftari la skechi. Kila siku. Basi.

Yule dogo amefuta, kwa kununa sana. Jana nimepita, ameanza upya na herufi nne za jina lake. Ya pili imelegea kama chapati ya moto, lakini nimeisoma nikiwa ng'ambo ya barabara.