Maji mnachemsha, mbona mtoto bado anaharisha?

Dada, umeandika kwamba mwanao ana miezi kumi, maji ya kunywa mnachemsha, choo mnacho, lakini anapona wiki mbili tatu kisha anaanza upya, na mama mkwe anasema ni meno ya plastiki. Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii huku vijijini Dodoma, kazi yangu ni kupita nyumba kwa nyumba, kwa hiyo nakujibu kwa ninayoyaona.

La meno kwanza, maana hilo linaua. Hakuna meno ya plastiki. Kile kivimbe cheupe kwenye fizi ni jino la utoto linalojiandaa kutoka. Anayelichokonoa kwa kisu au spoku ya baiskeli anamwachia mtoto kidonda, pengine na pepopunda, na kuharisha kuko palepale. Ongea na mama mkwe kwa heshima, ila mtoto asipelekwe kuchokonolewa.

Kuchemsha maji endelea, lakini fuatilia yanaishia wapi. Nyumba nyingi yanarudishwa kwenye ndoo ileile iliyotoka kisimani, na kila anayepita anazamisha kikombe pamoja na vidole. Weka kwenye dumu safi lenye mfuniko, maji yamiminwe, yasichotwe.

Kwa mtoto anayetambaa, hata hivyo, mimi huanza kukagua sakafu. Huku kuku wanalala ndani kwa kuogopa wezi na vicheche, na mtoto kila anachookota kinaenda mdomoni. Nimeshuhudia mtoto akila kinyesi cha kuku huku mama yake yuko jikoni anachochea moto wa kuchemsha maji! Kinyesi hicho hubeba bakteria aina ya kampilobakta, ambao huharisha watoto sana, na sakafu ya udongo huwezi kuifagia ikaisha uchafu. Waliofanikiwa kijijini kwetu walijenga banda la miti likiegemea ukuta wa chumba cha kulala, mwizi akija wanamsikia. Mtoto naye awe na mkeka wake, unaofuliwa na kuanikwa juani, na mtu asiukanyage na viatu.

Halafu uji. Unapikwa alfajiri, mama anaenda shamba, mtoto anabaki na dada yake ambaye naye bado mtoto, na bakuli lililofunikwa sahani. Saa nane mchana analishwa uji uleule, kwa joto hili letu, na mkono haujanawa. Bora muuache unga nyumbani, apikiwe uji mpya kidogo kidogo, au uji ukae kwenye chupa ya chai ukiwa wa moto kabisa. Kibuyu chirizi, lile dumu la kunawia linalochiriza maji, kiwe na sabuni mlangoni pa jiko pia, kile cha chooni peke yake hakitoshi.

Na kinyesi cha mtoto nacho ni kinyesi. Kitupwe chooni, na beseni la nepi lisitumike kuoshea vyombo.

Kule magharibi mwa Kenya, Bungoma, Kakamega na Vihiga, watafiti walizipa kaya klorini ya kutibu maji, vyoo bora na vifaa vya kunawia. Matokeo ya 2018 yalionyesha kuharisha kwa watoto hakukupungua. Bangladesh, kwenye utafiti pacha, kulipungua. Mimi hayo hayanishangazi: ukiziba baadhi ya matundu na kuku bado wako ndani, vijidudu vina njia nyingine.

Akiharisha tena, usimwachishe ziwa wala chakula. Mpe ORS, ile dawa ya unga wa chumvi na sukari inayochanganywa na maji safi, robo hadi nusu kikombe kila baada ya choo; akitapika subiri dakika kumi, endelea kwa kijiko. Zinki ya miligramu 20 kwa siku, siku 10 hadi 14, hata kama kuharisha kumekoma siku ya tatu. Wengi hukatiza hapo. Angalia pia kadi ya kliniki kama alipata chanjo ya rota, ya kukinga virusi vinavyoharisha watoto, ambayo huanza wiki ya 6.

Ukiona damu kwenye choo, macho yamedidimia, amelegea au hawezi kunyonya, mpeleke kituo cha afya usiku huohuo, na njiani uendelee kumpa ORS.